Mstari wa Milimita Mia

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Bibi Vipimo nilikuwa na vitasa elfu nne ghalani, na hapakuwa na fundi hata mmoja aliyevitaka.

Nilivinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Vilikuwa vitasa vizuri, chuma kizito, mikono inang'aa, funguo tatu kwa kila kimoja. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ndani ya boksi hapakuwa na karatasi ya kutobolea. Kwa asiyewahi kufunga kitasa, nieleze. Karatasi hiyo seremala huikunja kwenye ukingo wa mlango, akaibandika, kisha akatoboa pale palipochorwa duara. Asipokuwa nayo hupima mwenyewe kwa futi na penseli, na kazi ya robo saa inamla saa nzima. Ndiyo maana mwenye mali alikata tamaa, na ndiyo maana nilivipata kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu hajaijua. Nilijiambia, karatasi ni nini? Atatafutwa mtu, itachorwa.

Nikaelekezwa kwenye steshenari moja karibu na stendi. "Muulizie Bibi Vipimo," aliniambia muuza rangi jirani yangu. "Lakini ujiandae. Yule mama hachori, anapima."

Lilikuwa duka refu na jembamba. Mlangoni mashine mbili za fotokopi, kisha kaunta, na nyuma ya kaunta meza ya kompyuta iliyotazama ukuta. Kiti kilikuwa kimechanika, kikatandikwa mto wa sponji uliofungwa kwa kamba nne, fundo kila mguu. Juu yake alikaa mama wa miaka hamsini na kitu, ana miwani machoni na nyingine kichwani.

"Habari za kazi, mama?"

"Kazi ipo," alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye nimekwisha."

Nikaweka kitasa mezani. Akabadilisha miwani, akakipima uzito mkononi kama mtu anayenunua samaki.

"Unataka nini hapa?"

"Karatasi ya kutobolea. Matundu mawili tu, la mkono na la ufunguo. Kazi ndogo."

"Kazi ndogo huwa anaisema asiyeifanya. Vipimo umeleta?"

Nikatoa kikaratasi changu. Akakisoma, akanitazama.

"Umepimia nini hivi?"

"Futi."

"Futi ya chuma au ile ya mshona nguo?"

Ilikuwa ya mke wangu, ya kitambaa.

"Hiyo inavutika kama ahadi ya shemeji," alisema, akakirudisha kikaratasi changu kwa ncha ya kidole. Akafungua droo, akatoa rula ya chuma na kile kipimo cha taya mbili kinachobana kitu na kukusomea unene wake. Vyote viwili vilikuwa vimechakaa mpaka namba zimeanza kufutika. Baadaye nilikuja kujua alivipata kwenye ofisi ya mabomba ya maji, alikochora kwa mkono miaka ishirini na mmoja, akiwa amesimama mbele ya ubao ulioinama, mpaka siku walipoleta mashine na kukifunga chumba cha wachoraji. Wenzake waliondoka na kiinua mgongo. Yeye aliondoka na kiinua mgongo na maumivu ya kiuno.

Akapima. Katikati ya tundu la mkono, milimita sitini kutoka ukingo wa mlango. Tundu la ufunguo, sabini na mbili chini yake. Kila kipimo alikichukua mara tatu, akakiandika mara moja.

Programu aliyochorea haikuwa ya uhandisi. Ilikuwa ile ile aliyokuwa akitengenezea kadi za harusi na vyeti vya watoto wa chekechea. Nilitegemea atashika kipanya na kuchora kwa madaha. Badala yake alichora duara popote pale, limekaa upande kama kiatu kilichovuliwa na mlevi, halafu akabonyeza kitufe. Kikafunguka kisanduku chenye namba. Ya kwanza umbali kutoka kushoto, ya pili umbali kutoka juu. Akaanza kuandika, tarakimu kwa tarakimu.

Nilikuwa na haraka, mteja ananisubiri dukani. "Mama, kwa nini usiliburute tu mpaka lifike?"

"Lifike wapi?"

"Pale."

"Pale ni wapi?"

Nikagusa kioo kwa kidole. Akafuta alama ya kidole changu kwa mkono wa gauni, taratibu, kama mtu aliyefuta alama nyingi maishani mwake.

"Hapo ulipogusa ni kati ya hamsini na tisa na sitini na moja. Kitasa chako kinataka sitini. Wewe unauza kitasa au unauza karibu-na-kitasa?"

"Lakini kwa macho si panaonekana sawa?"

"Jicho likichoka linakubali chochote, tajiri. La kwangu limechoka tangu mwaka juzi. Namba hazichoki."

Pembeni mwa kisanduku palikuwa na vitone tisa vimepangwa safu tatu. Nikauliza ni vya nini, maana nikilipia kitu napenda kujua nalipia nini. Akaniambia kila kitu kwenye mchoro lazima ukishike mahali ndipo ukiweke. Ukikishika kwa pembe ya juu, ile sitini unayoandika ni ya pembe. Wengi hapo ndipo wanapoangukia, wanaandika namba sahihi na tundu linakaa pengine.

"Tundu halina pembe," alisema, akabofya kitone cha katikati. "Tundu linashikwa tumboni."

Duara likaruka na kukaa mahali pake. Akaweka alama kwenye kijisanduku kingine, na baada ya hapo hata ungevuta kwa nguvu zote duara lisingesogea.

"Hiyo nayo?"

"Nalifunga. Nikitoka kwenda kumgeuza mama, watu huku wanagusagusa."

Ndivyo nilivyojua habari ya mama yake. Mzee wa watu alikuwa kitandani mwaka wa tatu, upande mmoja wa mwili umelala. Asipogeuzwa kila baada ya saa chache anatoka vidonda. Asubuhi Bibi Vipimo alimgeuza kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na saa sita mchana mwenye steshenari alimruhusu dakika ishirini. Kutoka kile kiti mpaka kitanda cha mama yake ni hatua mia mbili na kumi. Alikuwa amezihesabu, bila shaka.

"Kwa mshahara huu na kiti hiki nisingekaa hata wiki," aliniambia siku ile ile, sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma bei ya karatasi. "Nimekaa kwa sababu ya hizo hatua. Nikikikosa kiti hiki, kingine kitakuwa mjini, na mjini siwezi kurudi saa sita. Sasa nani atamgeuza?"

Mimi nilikuja kuchorewa matundu.

Saa saba kasoro mchoro ulikuwa tayari. Akauchapa kwa mashine yake, nikaupeleka ghalani, nikakunja, nikatoboa kipande cha ubao. Kitasa kiliingia kama mguu kwenye soksi. Nilirudi nikiwa na furaha, na nikiwa na furaha ndipo ninapobana senti zaidi.

Chini kabisa ya mchoro alikuwa ameweka mstari mmoja mnene, na juu yake maneno: *Pima mstari huu kwanza. Ukiwa si milimita 100 kamili, usitoboe.*

"Huu wa nini? Hauna tundu."

"Huo ndio shahidi. Karatasi hii ikitoka hapa itapita mikononi mwa watu. Fundi akiweka futi juu ya mstari akakuta mia, ajue na matundu ni ya kweli. Akikuta pungufu, aitupe."

Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Kwa sababu ya mstari ule na maneno yake, mchoro mmoja ulikula ukurasa mzima. Ukiondolewa, michoro miwili ingekaa kwenye ukurasa mmoja, na kwa vitasa elfu nne hizo ni karatasi elfu mbili badala ya elfu nne.

"Futa mstari," nikasema. "Weka michoro miwili."

"Nipe nusu saa niuhamishie pembeni, usimame wima. Hapa foleni ya fotokopi inanisubiri."

"Sina nusu saa, mama. Na seremala haji kwangu kupima mistari. Futa."

"Ukurasa utajaa mpaka ukingoni."

"Ndio ujae. Kwani ukurasa nao una njaa?"

Hakucheka. Alinitazama kwa ile miwani ya karibu, akaona, nadhani, mtu ambaye hatashindwa kwa maneno. Akafuta. Akapanga michoro miwili, ya juu na ya chini, kwa namba, kila kitone mahali pake. Akaniwekea kwenye flashi yangu, na alipokuwa ananipa alisema neno moja zaidi.

"Utachapa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kuna jamaa anachapa kwa wingi, bei yake nusu ya hapa.

"Mwambie asiubane mchoro ukapungua. Asilimia mia. Akibana, mimi simo."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Si kwa ubaya. Nilifika pale mashine zinaunguruma, tukaanza kuvutana bei, nilipomaliza kumshusha nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu kiasi kwamba neno lile lilinitoka kichwani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima. Nilivunja milango ya watu.

Wiki ya tatu alikuja seremala mkuu, mteja wangu wa miaka sita, mtu aliyenunua kwangu vitasa mia mbili kwa mkupuo kwa ajili ya bweni la shule. Alikuja na mlango kichwani. Mlango mzima. Watu barabarani walikuwa wanamuuliza, "Fundi, unahama?" naye anajibu, "Nahama akili!" Akautua mbele ya kaunta yangu, vumbi likaruka mpaka kwenye misumari.

"Nimekuletea kichujio chako."

"Kichujio gani tena, fundi?"

"Si huo? Una matundu na hauna kazi. Tazama! La mkono limeingia, la ufunguo liko juu. Ufunguo hauoni njia. Milango kumi na mmoja hii, mbao ngumu, vijana wangu wametoboa kabla sijafika. Mwenye shule ananiuliza kama nimeanza kunywa."

"Mimi nauza vitasa, fundi. Sitoboi."

"Na karatasi?"

"Karatasi imechorwa na mtaalamu."

"Basi twende kwa huyo mtaalamu. Na mlango unakwenda."

Tukaenda. Yeye mbele na mlango, mimi nyuma nikijifanya nimekutana naye njiani tu.

Mwenye steshenari alikuwepo, mama mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye mali yake kubwa haikuwa mashine bali jina la duka lake. Shule, makanisa, misikiti, ofisi ya mtaa, wote walichapa kwake. Alipoona mlango unaingia kwa ubavu katikati ya fotokopi mbili, sauti ikapanda kabla haijajua inapandia nini.

"Kuna nini hapa? Huku si karakana!"

Seremala akaeleza. Bibi Vipimo akaichukua karatasi mkononi mwa fundi, akatoa rula ya chuma, akaiweka juu ya yale maduara mawili.

"Sitini na tisa," alisema.

Akafungua faili lake. Akabofya duara, kisanduku kikafunguka, akawaonyesha namba. Tofauti ya maduara mawili, sabini na mbili kamili.

"Faili linasema sabini na mbili. Karatasi inasema sitini na tisa. Karatasi imebanwa wakati wa kuchapwa. Kungekuwa na mstari wangu hapa chini, ungesomeka tisini na sita, na hakuna ambaye angetoboa." Akageuza kiti chake, mara ya kwanza namwona anakigeuza kwa ajili ya mtu. "Mstari uko wapi?"

Aliniuliza mimi.

"Mstari gani tena?" mwenye duka akadakia. "Watu wanalia milango, wewe unalilia mstari?"

Nilijua jibu. Nilijua kwa ukamilifu, kuanzia nusu saa niliyomnyima mpaka asilimia mia niliyoimeza. Na nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, milango kumi na mmoja inahamia kwangu siku ile ile, mbao ngumu. Ukutani palikuwa na tangazo la bei za kurudufu pande mbili. Nililisoma lote. Nikalirudia.

Sikusema uongo. Kila mfanyabiashara aliyekaa kimya atakwambia hivyo hivyo: sikusema uongo.

Seremala hakutaka mengi. Alitaka kitu cha kumpelekea mwenye shule ili asiitwe mlevi. Mwenye duka akasema atampa barua. Akaiandika yeye mwenyewe kwenye kompyuta ile ile, amesimama, Bibi Vipimo amempisha kiti: kwamba kosa la vipimo lilikuwa la mchoraji wao, na kwamba mchoraji huyo ameondolewa kazini. Akapiga mhuri. Mara mbili, wa kwanza ulikosa wino.

"Mama," alimwambia, na hapo sauti ilikuwa imeshuka, nadhani aliona haya, "jina la duka unalijua lilivyo. Nenda kapumzike."

Bibi Vipimo hakubishana. Aliingiza rula na kile kipimo cha taya kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akapiga magoti, akaanza kufungua zile kamba nne za mto. Mafundo yalikuwa ya miaka, yamekaza. Tulisimama tukimngoja, watu wazima watatu na mlango. Hakuna aliyemsaidia, mimi nikiwemo. Alipomaliza akakunja kamba, akazitia mfukoni, akachukua mto kwapani, akatoka. Ilikuwa saa tano na nusu. Alimwahi mama yake kwa nusu saa.

Sasa nitasema kilichonirudisha, na msinipambe: haikuwa huruma. Ghalani vilibaki vitasa elfu tatu na mia saba. Habari za mlango uliotembea kichwani zilienea kwa mafundi wote, na hakuna aliyekubali kugusa karatasi zangu. Kitasa bila karatasi nilishakijua, ni chuma cha kuuzia kwa kilo.

Nilikwenda kwanza kwa yule mchapaji wa bei nusu.

"Ulibana?"

"Si ulileta ukurasa umejaa mpaka ukingoni? Mashine haichapi ukingoni, bosi. Ikabana yenyewe, mimi nikabonyeza ndiyo. Ulitaka nibonyeze hapana?"

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa unanishusha bei. Nilidhani kuuliza kumetolewa kwenye hesabu."

Nikaenda kwa mchoraji mwingine, mwenye duka zuri, kiyoyozi, kiti kipya. Alishika kipanya akaburuta maduara mpaka yakakaa vizuri kabisa, mwenyewe akarudi nyuma kuyatazama. Nikatoa futi, safari hii ya chuma. Duara moja sitini na nusu kutoka ukingoni, jingine hamsini na tisa.

"Si yanaonekana sawa?" akaniuliza.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yananirudia kwa sauti ya mtu mwingine. Nikashukuru, nikaondoka.

Nyumba ya Bibi Vipimo ni vyumba viwili na baraza. Nilimkuta chumbani kwa mama yake, anamgeuza. Alikuwa ameweka mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akahesabu tatu kwa sauti ndogo, mzee akalala upande wa pili. Kazi nzima haikufika dakika mbili, naye alikaa chini baadaye kama aliyepakua lori.

"Karibu," alisema. "Umeleta mstari?"

"Nimeleta kazi."

"Kazi ipo," akasema, akimwangalia mama yake.

Nikamweleza. Karatasi upya, mstari urudi, ukurasa mmoja kitasa kimoja, achape mahali anapotaka yeye. Nikataja bei, nzuri kuliko ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa na haraka, watu waliochoka sana huwa hawana haraka.

"Kabla ya karatasi yako nataka karatasi yangu. Barua, yenye mhuri wa duka lako. Moja kwa seremala, moja kwa mwenye steshenari. Uandike kwamba mchoro ulikuwa sahihi na mstari ulifutwa kwa amri ya mwenye mali."

"Ya seremala tu si inatosha?"

"Matundu ni mawili, tajiri. Ukitoboa moja kitasa hakikai."

"Basi tuandike kwamba kwa bahati mbaya mstari ulifutwa."

"Bahati haikuwepo siku ile. Tulikuwa mimi na wewe."

Kitandani mzee akatoa sauti, ya kucheka au ya kukohoa, sikujua. Kwa nusu ya mdomo inayofanya kazi akasema, "Mwanangu, usimpunguzie."

Nimewahi kuvutana bei na wauza chuma, wenye malori, na maofisa waliokaa juu ya mizigo yangu wiki nzima. Siku ile nilishindwa na wanawake wawili, mmoja amelala. Nikaandika barua pale pale, kwa maneno yake. Mhuri niliupiga dukani jioni.

Seremala aliisoma barua amesimama, akaikunja mara nne. "Kwa hiyo ulikuwepo, ukamwacha mama wa watu afungue mafundo?" Nikamlipia milango kumi na mmoja, mbao ngumu, na hakuniachia hata moja. Sikutegemea aniachie. Tangu hapo ananunua vitasa mtaa wa pili, na akipita kwangu anaamkia misumari, mimi ananiruka.

Mwenye steshenari aliisoma amekaa. Alipomaliza aliivua miwani.

"Ungesema siku ile."

"Ndiyo nasema leo."

"Leo nimeshapangisha ile nafasi. Tazama."

Nikatazama. Pale ukutani palipokuwa na meza ya kompyuta palikuwa na kabati la kioo limejaa makava ya simu, na kijana wa watu ameegemea anapiga miayo. Mkataba wa mwaka, alisema. Kama ningekuja wiki ya kwanza tangu amwondoe, kile kiti angemrudishia. Nilikuja wiki ya tano. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mtu aliyekaa kimya ni ndefu kidogo, lakini inaishia pale pale.

Nilirudi kwa Bibi Vipimo nikamweleza. Aliuliza swali moja tu, kabati lina upana gani. Nikamwambia kama mita moja na nusu. "Kama," akarudia.

Ghalani kwangu kulikuwa na kompyuta ya zamani niliyoipokea siku za nyuma kama sehemu ya biashara fulani, haina kazi ila kukusanya vumbi. Nikamwambia: chukua hii, iwe yako moja kwa moja. Wewe unichoree karatasi ya kitasa, ya bawaba na ya komeo, zote nitakazouza mwaka huu na mwakani. Akauliza kama kioo chake kinasoma vizuri. Akauliza kiti. Kiti sikukipanga, lakini nikaongeza kiti. Akasema miaka miwili ni mingi, tukakubaliana mwaka na nusu. Hapo nilijisikia nyumbani kidogo.

Kompyuta ikawekwa chumbani kwa mama yake, kati ya dirisha na kitanda. Mto wa sponji akaufunga kwenye kiti kipya kwa kamba zile zile. Siku niliyokwenda kuchukua mchoro wa kwanza nilimkuta ameuweka mstari mara mbili, mmoja chini na mwingine wima pembeni, na ameifunga yote isisogee.

"Miwili ya nini?"

"Karatasi hubanwa kwa upana au kwa urefu. Shahidi mmoja haoni pande zote."

Nililipa uchapaji wa karatasi elfu tatu na mia saba, ukurasa mmoja kitasa kimoja.

Sasa vile vitasa elfu nne vimekwisha. Mafundi wamezoea, mteja akifungua boksi dukani, kabla hajatazama kitasa anatoa futi anaweka juu ya mstari, na akikuta mia anaitikia kwa kichwa na kulipa. Nimepata faida ndogo kuliko niliyoipiga kichwani siku ninavinunua, na nimempoteza mteja wa miaka sita.

Yeye amepata mashine, amepata barua anayoiweka kwenye droo chini ya rula, na wateja wawili watatu wa kwake mwenyewe. Mama yake hana kidonda hata kimoja. Nilipomwambia afadhali sasa, hakuna tena kukimbia saa sita, aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani.

"Nilikuwa na hatua mia mbili na kumi za kwenda na mia mbili na kumi za kurudi," alisema. "Njiani huko nilikuwa simgeuzi mtu, na hakuna aliyekuwa ananiita. Sasa nageuza kiti, nimefika."

Akavaa ile miwani ya karibu, akabofya kitone cha katikati, akaendelea kuandika namba za bawaba.